Sizoni Tatu za Marietha

Ukitaka kugombana na Marietha wa Mgori, mwambie sizoni za anga, zile tamthilia za kizungu za runinga, ni za watoto. Mama wa miaka hamsini na minne, mkulima wa alizeti, mzee wa kanisa, angekutajia tatu anazozipenda bila kumeza mate. Ya kwanza, ile ya chombo kilichopotea njia ya kurudi duniani. Ya pili, ya roboti aliyemlea mtoto yatima. Ya tatu, ya kijiji cha mwezini kilichoishiwa maji. Hiyo, alisema, haina ugumu wowote kuielewa. Njoo Mgori mwezi wa kumi.

Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Aliyejua ni mumewe, Simeoni, mpishi wa kambi ya wageni kule Rungwa. Akija likizo walikaa mbele ya runinga yao ya sola, yeye akitafsiri, tena akiongeza chumvi. Kapteni wa chombo alimbatiza Mazengo. Maadui wakimkimbiza angani, Simeoni anapiga kelele, "Kimbia Mazengo, wakwe zako hao!" Marietha anacheka mpaka machozi.

Kambini alikuwa akikaa miezi mitano mitano. Basi akajirekodi akitafsiri, na fundi mmoja wa Singida Mjini akaiweka sauti yake juu ya picha. Sizoni zote tatu zikaingia kwenye flashi moja nyeusi.

"Hata nikiwa Rungwa," alimwambia mkewe, "nipo humu."

Mwaka jana malaria ikampanda kichwani hukohuko Rungwa. Akarudishwa nyumbani ndani ya jeneza.

Siku ya kumaliza tanga, ukoo ukakaa uani kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Koti likaenda kwa mjomba, baiskeli kwa mpwa, runinga ikabaki kwa mjane. Kisha mzee mmoja akainua ile flashi. "Na hii?"

Marietha akaikazia macho. Akafungua mdomo. Lakini wakwe zake wote wapo, mchungaji yupo; mjane aliyezika juzi aseme anataka sinema za maroboti? Wangesema hana uchungu. Akainamisha macho. Leonard, kaka wa marehemu, mwalimu wa kwaya, akasema itamfaa, akapewa.

Jamani, mficha uchi hazai! Neno moja tu lingetosha, na neno hilo Marietha alilimeza.

Akalala nalo wiki tatu. Mwishowe aibu ikashindwa, akaenda kwa Leonard.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Jesca. Karibu."

"Ile flashi ya Baba Jesca. Naomba nikatoe vilivyomo, nitakurudishia."

"Vilivyomo? Ilijaa masinema, nilifuta siku ileile. Sasa ina nyimbo za kwaya." Akamtazama usoni, akashtuka. "Kumbe ulikuwa unaitaka? Si ungesema, shemeji!"

Alitamani kumtukana, akakosa tusi. Leonard hakuwa na kosa. Alirudi nyumbani akilia njiani bila kujificha, na waliokutana naye wakadhani bado analia msiba.

Binti yake Jesca, karani mjini, alipopata habari akazitafuta sizoni zile, akazipata zote. Jumapili moja baada ya ibada akamkalisha mama yake sebuleni. "Zenyewe kabisa, mama. Tena picha safi kuliko zile."

Kapteni akatokea, akafungua mdomo, akasema Kiingereza kwa sauti ya mgeni. Marietha akavumilia kidogo. Maadui walipotokea, akapaza sauti, "Kimbia Mazengo, wakwe zako hao!"

Jesca alicheka, kisha akanyamaza, kwa maana mama yake hakuacha. Aliendelea neno kwa neno, na chumvi zote za Simeoni.

Wakafika sehemu ya mwisho. Kapteni amejua chombo hakirudi. Anawasha redio amuage mkewe aliyeko duniani. Midomo yake ikacheza. Marietha kimya.

"Rudisha," akasema.

Jesca akarudisha. Midomo ikacheza tena. Mara ya pili, mara ya tatu. Marietha akajishika kichwa. Maneno haya aliyasikia mara ngapi, Mungu wangu, na kila mara alicheka tu!

"Mama, nikutafsirie anachosema?"

"Huyo simtaki," Marietha akasema, akilia. "Nataka alichosema baba yako."