Shikamoo Niliyokatazwa Kuitoa

Kazi yangu ni kukaa na watu wanaotaka kuacha pombe na vitu vingine vilivyowashika. Kwenye makaratasi mimi ni mnasihi wa waraibu, lakini hapa Shinyanga mjini wananiita tu "yule dada wa kwa walevi." Sasa mtu wa sifa hiyo akikusimamisha sokoni akakuchangamkia, aliye pembeni yako lazima ajiulize mmejuana wapi. Ndiyo maana tuna sharti: ukikutana barabarani na mtu unayemhudumia, usimsalimie. Akianza yeye, itikia. Asipoanza, pita.

Sharti hilo lilinikaa kooni tangu siku ninafundishwa. Nilimwambia mwalimu, huko kwenu labda, lakini mimi nimelelewa na mama wa Kisukuma. Ukimpita mtu mzima bila shikamoo, unarudishwa ulikotoka na kofi juu. Mwalimu akacheka, akasema mama yako yuko sahihi, na sharti nalo liko sahihi, utazoea tu. Sijazoea mpaka kesho.

Mzee ninayemkumbuka alikuja kituoni kwetu asubuhi moja, kofia mkononi, anachechemea. Ujana wake aliumalizia Geita kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na mguu ulivunjikia humo. Gongo nalo alianzia huko, akarudi nalo nyumbani Ibadakuli. Nilisimama nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeamkiwa. "Mimi?" akauliza. "Ndiyo wewe, kwani humu kuna baba mwingine?" Ndipo akaitikia, kwa matamshi yetu ya nyumbani, "Malahaba! Malahaba, mwanangu!" Akaniambia mtaani kwake watu walishaacha kumwamkia. Watoto walikuwa wanamfuata nyuma wakiigiza anavyoyumba.

Nilipomweleza sharti la barabarani alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo humu ndani mimi baba, huko nje mimi mti?" Nikamwambia uamuzi ni wake, akitaka, nitamwamkia mbele ya soko zima. Akaizungusha kofia yake mkononi. Kisha akasema hapana, nisimwamkie, na nisimwambie mtu yeyote kwamba anakuja kwangu, hasa binti yake.

Huyo binti alikuwa mtoto wake pekee, mama lishe huko Geita, anapikia wachimbaji. Mama yake alipofariki, mzee alilewa msibani mpaka ikabidi ashikiliwe asidumbukie kaburini. Binti aliondoka baada ya mazishi, hakukanyaga tena pale nyumbani. Mara ngapi baba alimpigia simu kumwambia nimeacha, na alikuwa hajaacha!

"Nikimwambia tena neno hilo, atakata simu," mzee alisema. "Mavuno yakiisha anakuja kujengea kaburi la mama yake. Nataka anikute ninachanganya zege mwenyewe, mkono hautetemeki. Asiambiwe na mtu. Aone kwa macho yake."

Nikamwahidi.

Na aliacha, jamani. Haikuwa rahisi. Kuna siku alinitukana matusi ya machimboni ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kuna siku alilia kama mtoto. Alianguka mara moja, akaja mwenyewe kuniambia, akaanza upya, na baada ya hapo hakugusa tena. Majirani aliwaambia anakwenda hospitali ya Kolandoto kutibiwa mguu. Aliishi peke yake. Mdogo wake aliishi kule Isaka, anapakia mizigo, anakuja mara moja moja. Hakuna aliyemtazama vya kutosha akagundua kwamba macho yake yameacha wekundu wa gongo, yamekuwa meupe.

Mimi nilikuwa ninampita. Tulipishana sokoni kwenye dagaa, nikainamia dagaa kana kwamba sijawahi kuwaona tangu nizaliwe. Siku iliyofuata akaingia ofisini kwangu amekunja uso. "Jana umenipita kama mti, mtoto usiye na adabu wewe! Mama yako angejua!" Nikampa shikamoo mbili, ya leo na ya jana. Akaitikia zote mbili, moja moja, bila haraka. "Wabeja, mwanangu," akasema, yaani asante, ndipo akakaa.

Aligongwa na pikipiki mchana kweupe akivuka barabara, mavuno yakiwa yanaelekea kwisha. Habari niliipata kwa muuza nyanya. "Yule mlevi wa Ibadakuli kagongwa, kafa palepale. Si unajua alivyokuwa, alikuwa anayumba kama kawaida yake." Nyanya zangu niliziacha palepale. Alikuwa anachechemea! Ni mguu ule! Nilitaka kupiga kelele katikati ya soko, nikaziba mdomo kwa kanga nikatembea.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu wa kituo, mama mmoja mtu mzima aliyefanya kazi hii kabla yangu. Nikamuuliza kama naweza kumwambia binti ukweli.

"Baba yake alikukataza?"

"Alinikataza."

"Baadaye alikuruhusu?"

"Angeniruhusu vipi, mama? Amekufa!"

"Basi. Mwenye siri ameondoka nayo. Siyo yako."

Nikapandisha hasira. Nikamwambia siri ya aibu naielewa, lakini siri ya kuficha heri ya mtu, hiyo ni siri gani? Mzee alitaka binti aone, na sasa hataona kamwe. Yule mama hakunigombeza. Alisema leo nitafungua ya heri, kesho mwingine atafungua ya aibu akiita ya heri, na hakuna atakayeingia tena mlango huu. Akasema niende msibani kama mtu mwingine yeyote. Nilimchukia siku ile, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua anasema kweli.

Msibani nilikaa na wanawake, tunachambua mchele. Mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa ukutani. Binti alikuwa ameitanguliza kwa ajili ya kaburi la mama yake. Alikuja mwenyewe na basi la asubuhi kutoka Geita, macho makavu kabisa. Akapita akitusalimia mmoja mmoja, alipofika kwangu akasimama.

"Dada, samahani, wewe sikufahamu. Ni wa wapi?"

"Wa mjini. Pole sana. Tulifahamiana na mzee huko mjini."

Alinitazama juu mpaka chini. "Mjini kilabuni? Au ndiye wewe uliyekuwa unamuuzia?"

Wanawake wote wakageuka kunitazama. Mikono yangu ilibaki ndani ya ungo. Nikasema, "Hapana, mdogo wangu. Sikuwahi kumuuzia." Sauti yangu mwenyewe niliiona ni ya mwongo.

Akashusha pumzi, akakaa mkekani karibu yangu, hasira zimemwisha. "Unisamehe, dada. Nimechoka. Unajua, angeacha hata mwezi mmoja tu, nikamwona, ningemsamehe yote."

Hakuna siku katika maisha yangu nimetaka kusema kitu kama siku ile. Nilihisi maneno yako hapa, nyuma ya meno. Nikachambua mchele. Machozi yakanidondokea humo humo kwenye ungo, na mama mmoja akaniambia nipumzike, atamalizia yeye.

Alizikwa uani, kando ya mke wake. Zamu yangu ya kutupa udongo ilipofika, niliinama, na bila kupanga nikasema kwa sauti, "Shikamoo, baba." Ndiyo mara ya kwanza nilimwamkia mbele za watu.

Watu walipoanza kutawanyika, binti alinishika mkono. "Mbona umemwamkia? Hapa hakuna aliyekuwa anamwamkia tena."

Nilitafuta jibu ambalo ni la kweli na ambalo ni langu, siyo la mzee. "Alikuwa anaitikia vizuri," nikasema.

Akageuka kulitazama kaburi. "Mimi nilikuwa nikipokea simu yake naanza na ugomvi. Sikumwamkia, dada. Miaka yote hiyo."

Akaniachia mkono, akarudi peke yake mpaka kwenye udongo mbichi. Nikamsikia akisema shikamoo, polepole, halafu akabaki amesimama pale, kama anasubiri. Nikaita bodaboda nikarudi mjini. Makaburi yote mawili yalijengwa kwa saruji ile, na binti akarudi Geita akiamini baba yake alikufa amelewa. Mpaka leo hajui.