Kibuyu Kilichotakata

Nichekeni tu, wenzangu. Mjukuu wangu Zaina anasoma mambo ya vijidudu chuoni Dodoma. Akanipigia simu huku Busi, kisauti chembambaaa: "Bibi, nakuja na mwalimu wangu. Tunataka vile vijidudu vinavyogandisha maziwa kwenye kibuyu chako. Bila hivyo simalizi chuo."

Mimi nikaona aibu. Mwalimu mzima aje akute kibuyu changu kina vijidudu? Nikakimwagia maji yanayochemka, nikakisugua kwa sabuni mpaka kikanukia.

Mwalimu akachungulia ndani, akauliza kwa sauti nzito ya puani: "Maaama, hiki kimeoshwa lini?"

"Leo asubuhi, baba! Tafuta, hupati hata kimoja!" nikajibu kwa maringo.

Zaina akakaa chini, machozi yanamlenga. "Bibi, umeviua vyote."