Msamaha wa Aliyeshika Usukani

Volkano ilipounguza mji, kaka yangu na jirani yetu wa mtaa wa Mapendo waliiba mabati kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili. Jirani alishika usukani, kaka alisukuma. Korti iliwapa kifungo sawa. Kisha mjomba wa jirani, koloneli wa waasi, akaingizwa katika jeshi la serikali, na rais akamsamehe jirani peke yake.

Nilimwonea wivu hata mama yake, aliyempikia sombe, majani ya muhogo, nyumbani wakati mama yangu alipeleka yake gerezani.

"Rais amenihurumia, mudogo wangu," jirani aliniambia akicheka.

"Chukudu imejaa mabati, inapanda mulima yenyewe bila musukumaji?" nilimuuliza.

Kesho yake alimpelekea kaka chakula mwenyewe. Nilimngoja mlangoni mwa gereza, na wivu ukazidi: yeye alitoka, kaka akabaki ndani.