Shemeji na Pedali Yake

Shemeji yangu, mume wa dada, alisambaza mikate kwa baiskeli tangu mimi niko shule, na sijapata kuona mnunuzi wa viatu msumbufu kama yeye. Alikwenda dukani na pedali kuukuu mfukoni. Anaichomoa, anaiweka sakafuni, anaikanyaga na kiatu kipya kwa mbele, pale nyuma ya vidole. Soli ikikunjika, anarudisha. Raba laini kama godoro, hazitaki. Wauza viatu walimcheka, naye wala hakujali.

"Chekeni tu," aliwaambia. "Ule mlima si nyinyi mnaoupanda na mikate."

Kisha figo zake zikagoma. Miguu ikavimba, na mikate akaanza kuisambaza dada, kwa baiskeli ileile, amevaa ndala. Daktari alituambia mimi na dada kwamba shemeji hatapanda baiskeli tena. Hatukumwambia. Dada mwenyewe hakuamini. Alijipa moyo kwamba siku mumewe akiomba viatu vipya, ndiyo anapona.

Akaomba. Dada alinipigia simu niwasindikize, anacheka kama mtoto. Roho iliniuma, lakini nikaenda.

Dukani tulimkalisha kwenye benchi, anahema. Muuzaji akamletea viatu vya namba yake. Shemeji hakuvigusa. Alichomoa pedali, akamtazama dada.

"Lete vya namba ya huyu."

"Vyangu vya nini?" Dada alishtuka. "Tumekuja kwa ajili yako, baba watoto."

"Ndala zitakuangusha. Vaa, ukanyage hapa."

"Sitaki!"

"Mke wangu, usinichoshe."

Basi alikuwa anajua, siku zote, na sisi tunajifanya wajanja. Aliinama kwa taabu, akaishika pedali kwa mikono miwili isiteleze. Dada akaikanyaga, amening'ang'ania bega, machozi yanadondokea kiatu. Shemeji akaminya soli, akatikisa kichwa kukubali. Akafunga kamba za mguu wa kulia, fundo akalielekeza nje, mbali na mnyororo.

"Vinabana?"

"Havibani."

Angejibu nini? Saa ile hata angevishwa matofali angesema yanamkaa.

Tulimzika mwezi huohuo.

Dada bado anasambaza mikate. Viatu vinambana vibaya; kidole cha mwisho kimeota sugu, na jioni anaingia ndani akichechemea. Nimebembeleza wee, mpaka juzi uvumilivu ukaniishia.

"Dada, ukaidi gani huu? Twende dukani ukachukue vya namba kubwa. Hata leo!"

Alikuwa ameketi kizingitini anafunga kamba. Alilivuta fundo likatazama nje.

"Nikienda," akasema, "pedali atanishikia nani?"