Picha Yangu Iliyompeleka Senge Jikoni

Hadi leo mtu akitaja rangi ya machungwa mimi hubadilisha mazungumzo, lakini kwa kuwa ndugu zangu wameshasimulia aibu hii kote Eldoret (kila mmoja akiongeza chumvi yake), heri niieleze mwenyewe.

Kaka yangu Wekesa alikuwa anaenda kujitambulisha kwa kina Wanjiru, mchumba wake, huko Cheptiret, na familia ikaamua tuvae sare ya machungwa, ile iliyokolea ya kuumiza macho. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha ya kitambaa na kuituma kwenye kikundi cha familia ili Senge Rispa, shangazi yetu wa Moi's Bridge, anunue kinachofanana huko huko. Mtu mwenye akili angetumia simu. Mimi nilikuwa na kamera mpya, nikaitoa, na wakati wa kuhifadhi picha kwenye kompyuta nikachagua mpangilio wenye rangi nyingi kuliko yote, kwa sababu niliona ndio wa mafundi wakubwa.

Kwangu kitambaa kiliwaka kama jiko la makaa. Nikatuma, nikalala.

Nilichojua baadaye ni kwamba picha ni namba za rangi tu, pamoja na alama inayosema zisomwe kwa kipimo gani, na picha yangu ilipotumwa alama ile ilianguka njiani, simu zikasoma kwa kipimo cha kawaida. Ni kama kuandika mahindi "tano" ukimaanisha debe, halafu mwenzako asome gorogoro, kile kikopo cha kilo mbili. Machungwa yangu yalifika Moi's Bridge yakiwa rangi ya chai ya maziwa, tena ile iliyopunjwa majani.

Na sare ya wenyeji wetu, kina mama wa upande wa Wanjiru, ilikuwa rangi gani? Chai ya maziwa.

Sisi wa mjini tulifika mapema, tukakaribishwa hemani. Wazee wakasema mazungumzo hayaanzi bila shangazi wa bwana harusi. Tukapiga simu, haishikwi. Baba ya Wanjiru akaanza kuangalia saa, Wekesa akaanza kutoa jasho. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba nikipiga picha za sufuria, na huko nikamkuta Senge kwenye kigoda, na gauni lake la chai ya maziwa, kisu mkononi, ndoo ya viazi mbele yake.

"Senge! Unafanya nini huku?"

"Si walinishika pale geti wakaniuliza nilikuwa wapi tangu asubuhi! Nikajua ni desturi yao ya kupima wakwe." Akanitazama juu mpaka chini. "Na nyinyi mbona mmevaa kama wauza machungwa?"

Nilipomweleza si desturi, alisimama, viazi vikabingirika. "Mgeni anamenyeshwa viazi? Mimi narudi Moi's Bridge!" Sauti ilifika hemani. Watu wakaja mbio, mama ya Wanjiru akishika kichwa, Wekesa akiniangalia kama mtu anayeona mke akipotelea getini.

Ikabidi niombe simu ya Senge, nioneshe picha mbele ya familia zote mbili, na kukiri.

"Kwa hivyo wakwe hawana makosa?"

"Hawana, Senge. Ni kamera."

"Kamera ilijipiga yenyewe?"

Senge akanipa kisu. "Basi maliza hivi viazi, mimi niende nioe."

Wenyeji wakacheka, akaingizwa hemani kwa vigelegele, na mshika maikrofoni akatangaza kwamba mpiga picha wa upande wa bwana yuko jikoni, anayemtaka amtafute huko.

Siku hizi nahifadhi picha kwa mpangilio wa kawaida, naitazama kwenye simu ya mtu mwingine kwanza, na rangi ya sare sitatuma tena kwa picha, nitakata kipande cha kitambaa nikipeleke mwenyewe. Na siku ile ile, Wekesa alipomvisha Wanjiru shuka la uchumba, nilisikia tu vifijo kupitia dirisha la jikoni. Picha zote alizipiga Senge kwa simu yake: vichwa vimekatwa, kidole kimeziba kona, na machungwa yanawaka vizuri sana.