Harufu ya Esansi Kwenye Gari ya Bibi-Harusi

Kwanza niseme mwenyewe, maana Mjomba Amisi atawasimulia hata nikinyamaza: asubuhi tuliyompeleka Yaya Zaina, dada yangu mkubwa, kwa mume wake huko Kabambare, niliingiza chetezo cha makaa ya moto ndani ya gari iliyokuwa inanuka esansi, yaani petroli.

Nilikuwa na sababu. Nyumbani kwetu Kasongo harufu mbaya inafukuzwa kwa udi. Chumba kikinuka, udi. Mgeni akinuka, udi, akishaondoka. Sasa kamyoneti ya mjomba inanuka mafuta, na dada yangu ameshavaa nguo mpya. Nikachukua chetezo cha mama, nikakisukuma chini ya kiti, nikasimama kando nikijisifu.

Sikujua kama mjomba anaweza kukimbia vile. Alikipiga chetezo teke, kikatokea mlango wa pili na kuvunjika. Hakunipiga mimi. Alinyanyua kiti akanionyesha kilichokuwa chini yake: tangi. Kwenye gari ile abiria wanakalia esansi yenyewe.

“Ungetuua wote,” alisema, “na sanda zetu zingeungua pia.”

Vigae nilivitupa kwenye migomba. Mama alikuwa ndani akimlilia binti yake, hakuona kitu.

Tulitoka Kasongo jua likiwa bado chini. Mbele walikaa mjomba kwenye usukani, Yaya Zaina katikati, na Shangazi Mwavua, dada ya baba, aliyepewa kazi ya kumkabidhi bibi-harusi. Mama alibaki, ndiyo desturi. Mimi nilipanda nyuma juu ya magunia ya mchele na sanduku la Zaina, nikiwapungia mkono watoto wa shule waliokuwa wanaenda kusoma. Sijawahi kupenda shule kama siku ile nilipoipita.

Mjomba alisema harufu ni ya debe la akiba lililokuwa miguuni mwa shangazi, akanipa mimi nikae nalo nyuma. Kuanzia hapo nilinuka mimi pia, lakini mbele haikupungua. Kila tulipopanda kilima shangazi alikohoa, na Zaina alitoa kichwa dirishani, ushungi ukajaa vumbi jekundu. Tukishuka, wananyamaza. Tukipanda tena, kikohozi. Nikagonga bati nikamwambia mjomba kwamba gari yake inaumwa milima.

Kufika Lusangi tulisimama kando ya mashamba ya pamba. Hapo ndipo shangazi alipotukumbusha jambo lililotutoa jasho. Kule Kabambare, shangazi za bwana-harusi watampokea mlangoni mwa gari kwa chetezo, watakipitisha chini ya nguo zake kabla mguu wake haujagusa udongo.

Mjomba alisema tuwaambie waache.

“Ukiwafukuza na udi wao,” shangazi akajibu, “watasema tumewaletea mwanamke mwenye kasoro. Na tukirudi naye Kasongo leo, watasema vilevile.”

Wakaanza kubishana. Zaina aliteremka akajikung’uta vumbi.

“Mimi sirudi,” alisema. “Na siungui. Tafuteni.”

Basi tukatafuta. Mjomba alizima mota, tukangoja. Harufu ikabaki ileile, akasema basi ugonjwa hauko kwenye mota, uko kwenye tangi. Mfuniko tuliushika, mkavu. Tukatoa kiti. Tangi lilikuwa limejaa uchafu wa zamani wenye mafuta, kila mahali panaonekana pamelowa. Mtu hawezi kumkamata mwizi katika kundi la wezi watupu.

Mfukoni nilikuwa na chaki ya shule. Ilifikaje humo ni habari ya kiti cha mwalimu, haihusu safari hii. Tulilipangusa tangi mpaka likakauka, nikasaga chaki, nikalipaka unga mweupe kwenye mishono yote. Mjomba akasogeza gari mpaka pua ikatazama juu ya kilima, kama inapanda. Hatukungoja sana. Nyuma ya tangi, karibu na juu, mstari mwembamba kama unywele ukageuka mweusi. Chuma cha kiti kilikuwa kinasugua pale siku zote. Kwenye tambarare esansi haifiki. Gari ikipanda, esansi inarudi nyuma, inapata njia.

“Sabuni,” mjomba alisema. Esansi haiyeyushi sabuni, kila shofere anajua. Lakini sabuni iliyokuwepo ni moja tu, ile ya dukani yenye manukato, ambayo mama alimwekea Zaina kwenye sanduku. Zaina aliifungua karatasi, akainusa kwa muda mrefu, akanipa bila kuniangalia.

Niliikanda na maji kidogo, nikaijaza ufa wote, nikaongeza, nikaongeza. Kitambaa juu yake kilitoka kwenye shati langu. Mjomba alichomeka kipande cha mpira wa gurudumu katikati ya chuma na tangi, visisuguane tena. Tukapaka chaki upya, tukatazamisha gari juu. Nyeupe. Tukasafisha sakafu, tukaacha milango wazi mpaka shangazi mwenyewe aliingiza pua na kusema haya, twende.

Kabambare mjomba alitangulia kusimama mbali kidogo, gari ipigwe upepo tena, kisha akaiegesha pua ikitazama chini. Wanawake wakaja wakiimba, chetezo mbele, moshi mtupu. Mimi nilikuwa juu ya magunia nikisoma dua zote nilizowahi kulala zikifundishwa. Yule aliyeshika chetezo alikiinamisha mlangoni, akasita, akanusa.

“Gari yenu inanukia muzuri,” alisema.

“Kwetu iko hivyo,” shangazi akamjibu, akamshusha mwari.

Tulirudi siku ya pili bila kikohozi. Nilichojifunza ni kwamba harufu haifunikwi, inafuatwa mpaka inakotoka. Niliingia nyumbani kama fundi mkuu, nikamsimulia mama yote, chaki, ufa, kilima, sabuni, ila mwanzo tu nikauruka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hivi, neno kwa neno:

“Ile sabuni nilimpa ili huko ugenini anukie nyumbani. Sasa gari ya mjomba wako ndiyo inanukia nyumbani. Haya. Na chetezo changu kiko wapi?”