Makala Iliyojua Zaidi ya Jalada

Wasomi wana ugonjwa mmoja ambao sisi tulioishia njiani Mungu alituepusha nao: wakitenda jambo la maana, hawatulii mpaka waliandike. Hakimu wa ile mahakama ndogo ya karibu na stendi, ambaye watu walimwita Kalamu Mbili kwa sababu alichomeka mbili mfukoni na zote zilivuja, aliugua ugonjwa huo miaka kumi na mitatu. Alitaka jina lake litokee kwenye jarida la majaji na mahakimu. Mara mbili alituma makala, mara mbili akarudishiwa na barua ya shukrani, ile shukrani ya kumfungia mtu mlango taratibu.

Safari hii alijua amepata. Alieleza jinsi hakimu makini anavyompima shahidi anayedai kumtambua mwizi gizani, na mfano ulikuwa wake mwenyewe. Miaka miwili nyuma alimfunga fundi cherehani miaka sita kwa kuvunja duka la saruji. Mlinzi wa duka aliapa kwamba alimwona fundi usoni kwa taa ya getini. Fundi akasema hapakuwa na taa yoyote pale, ni giza tupu. Basi Kalamu Mbili, kabla ya kuandika hukumu, alipita pale jioni peke yake, kimyakimya, akaikuta taa inawaka kama jua dogo. Akamwamini mlinzi. Kwenye hukumu hakugusia matembezi yale. Aliandika tu kwamba mwanga ulitosha. Lakini kwenye makala aliyamwaga yote, tena kwa madaha, mpaka idadi ya hatua kutoka getini hadi mlangoni.

Siku nne baada ya kuituma akampa nakala karani wake wa masjala, mama mtu mzima aliyetunza majalada tangu enzi za kufungwa kwa kamba. Alingoja sifa. Mama akasoma amesimama, miwani puani, halafu akaurudisha mlango.

"Mheshimiwa, jalada la huyu fundi limeitwa juu, mahakama kuu, leo asubuhi. Ameongezewa muda wa kukata rufaa, nayo inasikilizwa."

Hilo peke yake lilitosha kumtoa jasho, maana jarida haliruhusu hakimu kuzungumzia kesi ambayo haijaisha. Lakini mama hakuwa amemaliza.

"Na hii taa, ulikwenda kuiangalia na nani?"

"Peke yangu."

"Mimi nakaa nyuma ya duka lile, baba. Wakati wa kesi sikujua mnabishania taa, mimi na majalada yangu tu. Taa ile waliiweka baada ya kuibiwa. Mtu si huweka taa akishaibiwa?"

Kalamu Mbili akakaa. Angekwenda pale pamoja na fundi na mwendesha mashtaka, kama sheria inavyotaka, fundi angesema neno hilo hilo kwa nusu dakika. Akaichukua ile nakala, akaichana vipande hata visivyofaa kuwashia jiko. Mama karani akavifagia bila kuuliza. Alikwisha kuhifadhi siri za mahakimu saba. Nyumbani mkewe alimshika paji la uso akidhani ni homa. Aliposimuliwa, naye akashikwa na hofu ya ada za watoto, akamwambia akaichukue makala kabla hawajaisoma, akifukuzwa kazi watakwenda wapi.

Kesho yake alikuwa kwenye ngazi za jengo la mahakama kuu kabla wafagiaji hawajamaliza. Alimwamkia mara mbili kila jaji aliyepita, na mara mbili aliomba aonyeshwe choo. Ghorofa ya tatu, katibu wa jarida, dada mcheshi, akamwambia kamati inakaa Ijumaa, bahasha haijafunguliwa.

"Weka sahihi hapa uichukue, mzee wangu. Usione haya. Wengi huja, huwa wamesoma tena walichoandika."

Rahisi hivyo. Akaweka sahihi, akaichukua bahasha yake. Koridoni mhudumu alikuwa akiilisha mashine ya kukata karatasi, akamnyooshea mkono kwa upole, kama ana za kutupa alete. Hapo woga wa pili ukamshika, mbaya kuliko wa kwanza. Majaji wa rufaa wangesoma jalada, na jalada lilisema mwanga ulitosha. Karatasi iliyosema hakimu aliupata wapi mwanga huo ilikuwa hii moja, nayo ilikuwa inalowa jasho la kiganja chake. Miaka minne ilibaki kwenye kifungo cha fundi. Mtu mzima, mwenye joho kabatini, akageuka akamwacha mhudumu mkono umenyooka.

Akateremka ngazi akishika ukuta, mpaka dirisha la masjala ya rufaa. Karani akauliza namba ya shauri, naye akaitaja. Karani akauliza kama yeye ni wakili au ndugu wa mrufani.

"Si wakili wala ndugu," akasema, na sauti ikawa ya mtu mwingine. "Andika hakimu aliyemfunga."

Karani akainua kichwa. "Una uhakika, Mheshimiwa? Nikishagonga muhuri, hairudi."

Kalamu Mbili alitaka kusema hapana. Nakuapia alitaka. Akaishia kuisukuma bahasha chini ya kioo kwa vidole viwili, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Muhuri ukagonga, naye akashtuka kana kwamba amepigwa yeye.